Jina si Mti: Somo la Matembezi ya Kujifunza Dawa za Porini



Somo letu la safari hii si la karafuu, lakini si geni kwa mkulima wa karafuu. Ni somo la miti na majani ya porini yenye dawa, na namna ya kujifunza kwa kutembea pamoja na mwenye kuyajua.

Hapana shamba la mikarafuu lisilokuwa na dawa pembezoni mwake. Tunapofyeka, tunapopalilia, na tunapofungua njia za wachumaji kabla ya msimu, twakata vitu ambavyo wazee wetu walikuwa wakivifuata mbali. Aghlabu hatuvikati kwa dharau. Twavikata kwa sababu hatuvijui. Mwulize kijana akutajie dawa za porini, naye atakutajia mara moja: kivumbasi, mkwamba, mdaa, mkomwe. Kisha mchukue mpaka penye kichaka umwambie, "Haya, nionyeshe mdaa," utamwona anageuka kulia na kushoto. Jina analo; mti hanao.

Basi neno tunalotaka lishikwe katika somo hili ni moja: jina si mti. Jina mtu hulipata akiwa amekaa barazani. Mti haupatikani ila kwa kuuendea. Na wale wanaoweza kutupeleka wanapungua kila mwaka, na wengi wao hawaachi maandishi.

KWA NINI TUTEMBEE

Huenda mtu akasema: mbona vitabu vipo? Ni kweli. Mwaka 1949 Bwana R. O. Williams alipigisha chapa hapa Zanzibar kitabu kikubwa cha mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, na mwenye kukipata asikiache. Lakini kitabu hakina harufu. Hakikuonyeshi jani changa lilivyo tafauti na jani pevu la mti ule ule, wala hakikwambii kwamba mti unaoutafuta umejificha nyuma ya ule uliosimama mbele yako.

Tena majina yenyewe yana fitina. Chukueni neno "mbono". Yuko anayesema mbono na kukusudia mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, yaani mti unaotoa mafuta ya kuharisha. Yuko mwengine anayesema mbono na kukusudia mbono kaburi, ule unaopandwa kuwa ua wa kiunga. Hiyo ni miti miwili mbali mbali. Sasa mtu akimpelekea mwenziwe salamu, "Tumia mbono," na yule akaenda kuchuma mbono anaoujua yeye, nani atakuwa na lawama? Hakuna aliyesema uwongo, lakini mgonjwa amepewa kitu kisichokusudiwa.

Jambo kama hili limewahi kuleta msiba mkubwa, tena katika nchi yenye mahospitali na maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels katika nchi ya Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya kupunguza unene walianza kuharibikiwa na figo. Madaktari walipochunguza waliona kwamba ndani ya vidonge hivyo mmetiwa mmea wa Kichina usiokuwa ule uliotakiwa. Majina ya mimea hiyo miwili kwa Kichina yanakaribiana, na mmoja ulichukua pahala pa mwengine. Watu wapatao 100 walidhurika. Wengi wao figo zilikufa kabisa, na baadhi yao baadaye walipata saratani katika njia ya mkojo. Jina lilifika Brussels salama. Mti ulikuwa mwengine.

Ndiyo sababu twasema somo hili halisomwi kwa kukaa. Lazima mwenye kujua aweke mkono wake juu ya mti, na mwanafunzi aweke wake baada yake.

KUTAYARISHA MATEMBEZI

Kundi lisiwe kubwa. Watu 8 mpaka 12 watosha. Wakizidi, wa nyuma hawasikii, na njia hukanyagwa ovyo. Katika kundi yafaa wawepo watu wa namna tatu. Wa kwanza ni mjuzi, mzee mwanamume au mwanamke, ambaye yeye mwenyewe ameitumia miti hiyo. Wa pili ni mtu mwenye elimu ya mimea, kama vile bwana shamba, bibi shamba au mwalimu wa sayansi, ili jina la kwetu lipate kulinganishwa na jina la kitaalamu, ambalo ni moja duniani kote. Wa tatu ni kijana mwenye mwandiko mzuri, naye kazi yake ni kuandika, si kuuliza tu.

Twaomba jambo moja lisisahauliwe. Wenye kuzijua dawa za watoto na za uzazi ni bibi zetu na wakunga. Mara nyingi hawatasema neno mbele ya wanaume, na wana haki. Basi wanawake wa tawi wafanye matembezi yao wenyewe, na watakayoyaandika yahifadhiwe kwa namna watakayoitaka wao.

Wakati mzuri ni asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Njia moja ipitwe mara mbili kwa mwaka: mara moja baada ya masika, na mara ya pili wakati wa kiangazi. Mti uliouona una majani matupu utauona siku nyengine una ua au tunda, na hapo ndipo utakapoujua kweli. Msichague wakati wa kuchuma karafuu, maana wakati huo hakuna atakayekuja, na atakayekuja roho yake itakuwa mkarafuuni.

Vyombo ni vichache: kisu, daftari, kalamu ya risasi, maji ya kunywa, viatu vya kufunika mguu, na magazeti makuukuu. Magazeti ni ya kukaushia majani. Chukua kitawi chenye majani, na kikiwa na ua au tunda ni bora zaidi. Kilaze baina ya magazeti, kiwekee uzito juu, na ubadilishe magazeti kila siku mpaka kikauke. Sisi tulioanika karafuu tunajua kwamba kitu kilichokusanywa na unyevu wake hushika ukungu. Jani nalo ni hivyo hivyo. Kikishakauka, andika chini yake mambo matano: jina, na kijiji gani hulitumia jina hilo, pahala kilipochumwa, tarehe, udongo na miti iliyokuwa karibu, na jina la aliyekionyesha, ikiwa ameridhia kuandikwa.

ISHARA TANO ZA KUTAZAMA

Mwenye kuanza hutazama jani moja akadhani ameujua mti. Mjuzi hutazama mambo mengi pamoja. Tumeyakusanya hapa matano.

Kwanza, namna majani yalivyopangika juu ya tawi. Je, yamekaa mawili mawili yakielekeana, au moja moja kwa kupishana? Tazameni mkarafuu wenyewe: majani yake huelekeana. Sasa tazameni mzambarau, na tazameni mpera. Nayo yanaelekeana. Hii si bahati tu. Miti hii mitatu ni ya ukoo mmoja, na mkarafuu na mzambarau ni ndugu wa karibu zaidi, hata wataalamu wameipa jina moja la ukoo, Syzygium.

Pili, harufu. Fikicha jani baina ya vidole unuse. Jani la mkarafuu lina harufu ya karafuu hata kama mti haujazaa bado. Harufu ya kivumbasi hukaa vidoleni mpaka urudi nyumbani.

Tatu, utomvu. Vunja kikonyo cha jani utazame: ni maji, ni maziwa, au ni ulimbo wa rangi? Utomvu mweupe kama maziwa uwe onyo kwenu, khasa kwa macho. Mkiugusa, osheni mikono kabla ya kugusa uso.

Nne, gome na miiba. Gome ni laini au limepasukapasuka? Miiba iko juu ya shina, juu ya kikonyo cha jani, au juu ya ganda la tunda?

Tano, ua na tunda. Hizi ndizo ishara zenye nguvu kupita zote, na ndizo zinazokosekana sehemu kubwa ya mwaka. Ndiyo maana tukasema njia ipitwe mara mbili.

Mtaona hatukutaja kuonja. Hatukusahau. Ulimi si chombo cha kutambulia mti wa porini. Mzee anaweza kuonja, kwa sababu anajua anachokionja. Mwanafunzi asionje.

NJIA YENYEWE: UANI, SHAMBA, MAWENI NA MSITU

Kisiwa cha Pemba kimeumbwa vizuri kwa somo hili. Magharibi ni vilima na mabonde, na huko ndiko iliko mikarafuu mingi. Mashariki ni nchi ya maweni, yenye udongo mchache juu ya jiwe. Mtu akienda kwa miguu kutoka shamba la karafuu mpaka pwani ya mashariki huipita miti ya udongo mbali mbali, na kila udongo una dawa zake.

Anzeni uani na kando ya njia. Hapo mtakuta kivumbasi. Wazee wetu walikitia ndani ya nyumba na kukifukiza ili kuwafukuza mbu, na wataalamu waliopima jambo hili wameona kwamba majani ya jamii hii kweli huwachukiza mbu. Ila yafaa ifahamike: kuwachukiza mbu si kuwazuia usiku kucha. Chandarua kibaki pahala pake. Hapo hapo njiani mtakuta mwarobaini, ambao asili yake si ya visiwa hivi, bali ulikuja kutoka upande wa Bara Hindi, ukazoea kwetu na sasa huota wenyewe. Mbarika nao hupenda majaani na penye udongo uliochimbuliwa. Na pengine mtauona mranaha, wenye ua kubwa kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Huo tutausema mbele.

Ingieni shambani. Chini na kando ya mikarafuu huota mchunga, mboga chungu ambayo wengi wetu tumeila kwa wali bila ya kukumbuka kwamba wazee waliihesabu kuwa dawa pia. Penye mpaka wa shamba, pasipofyekwa mara kwa mara, mtaukuta mkwamba, kichaka cha matawi membamba na matunda madogo meupe yanayopendwa na ndege. Hapa ndipo somo linapomgusa mkulima mfukoni. Mkarafuu mchanga hautaki kusongwa na majani, na hatumwambii mtu aache shamba lake liwe pori. Twasema hivi: kabla ya kufyeka, pita mpakani na mtu mwenye kujua, utie kijiti penye kila mti unaofaa. Mpaka ni mahali pasipozaa karafuu. Ukiacha ukanda mwembamba wa mpaka bila ya kuufyeka wote, hukupoteza pishi hata moja, nawe umeweka akiba ya kijiji kizima.

Shukeni mpaka maweni na pwani. Huku ndiko kwenye mdaa, ambao mizizi yake imewapa akina mama zetu rangi nyeusi ya kutia ukindu wa mikeka, na wengi wameitumia kusafishia meno. Hapa kuna mkomwe, mtambaazi wenye miiba mikali hata katika tunda lake. Kila mcheza bao anazijua komwe, maana ndizo kete zake, lakini ni wachache wanaojua kwamba mbegu hiyo hiyo, ambayo ni chungu, wazee waliitumia kwa homa. Kuna mswaki, ambao hatuna haja ya kuueleza. Na kuna shubiri. Aina moja ya shubiri ya kwetu wataalamu wameipa jina la kisiwa chenyewe, wakaiita Aloe pembana. Ni fahari yetu, na ni amana pia.

Mwisho ni msitu. Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya Pemba, ni sehemu iliyobakia ya msitu mkubwa uliokuwapo kabla ya watu kufyeka kwa ajili ya mashamba, na mikarafuu yetu ni miongoni mwa sababu za kufyekwa huko. Ngezi ni hifadhi. Mkienda huko, pitieni kwa watunzaji wa msitu, mfuate njia, na mikono iwe nyuma. Katika msitu wa hifadhi twajifunza kwa macho na masikio. Hatuchumi jani wala hatuchanji gome.

MTI MMOJA, DAWA NA SUMU

Katika vichaka vya kando ya shamba kuna mtambaazi unaoitwa mtipitipi. Majani yake yana utamu, na watu wa pwani wameyatafuna kwa kikohozi tangu zamani. Mbegu zake ni nyekundu zenye doa jeusi, nzuri kutazama, na watoto huziokota kuchezea na kutungia shanga. Ndani ya mbegu hizo mna sumu kali sana. Zikitafunwa chache tu zaweza kumwua mtoto. Jani na mbegu vimetoka katika shina moja, na jina lao ni moja. Anayejua jina tu hajui ajiepushe na nini.

Mbarika ni hivyo hivyo. Mafuta yake yaliyokamuliwa na kutayarishwa vyema huuzwa madukani, lakini mbegu nzima ikitafunwa ni sumu. Mranaha hukausha kinywa, hupanua mboni za macho na kumpoteza mtu akili. Jani, ua na mbegu, vyote si vya kuchezea. Mwingajini nao, unaoota kila penye uwanja, watu wamezoea kuuona kuwa ni kitu cha kawaida. Huko India, katika jimbo la Uttar Pradesh, watoto wadogo waliokula mbegu zake mbichi walipatwa na maradhi ya ghafla ya ini na ubongo, na wengi wao walikufa kabla madaktari hawajajua sababu.

Basi kila matembezi yaanze kwa miti ya sumu, ndipo ije miti ya dawa. Na mtoto akila mbegu asiyoijua mtu, asitapishwe kwa nguvu wala asipewe dawa ya nyumbani. Akimbizwe hospitali pamoja na mbegu yenyewe au kitawi chake, ili daktari ajue anachopambana nacho.

Hata karafuu yetu yatufundisha jambo hili. Punje mbili tatu katika pilau ni viungo. Mafuta yake kidogo kwenye pamba hutuliza jino linalouma, na madaktari wa meno duniani wanaitumia dawa iliyomo ndani yake, iitwayo eujenoli. Lakini mafuta hayo hayo, mtoto mdogo akiyanywa, yaweza kumharibu ini na kumtoa fahamu. Tafauti ni kipimo.

KUTAYARISHA NI NUSU YA DAWA

Mtu akishaujua mti, bado hajaijua dawa. Lazima ajue ni sehemu gani, ichumwe wakati gani, na itengenezwe vipi: ichemshwe, irowekwe, itwangwe au ifukizwe.

Mfano mzuri umetoka China. Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja, Bibi Tu Youyou, alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea ambao vitabu vya kale vya Kichina vilisema unafaa kwa homa. Walipouchemsha kama ilivyo desturi, matokeo hayakuwa ya kutegemewa. Bibi huyo akarudi kukisoma kitabu cha zamani, akaona kwamba pale mwandishi alisema mmea urowekwe katika maji na kukamuliwa, hakusema uchemshwe. Akafahamu kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia njia isiyotaka moto mkali, na dawa ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel, na hivi leo dawa za namna hiyo ndizo zinazotumika kutibu malaria katika vituo vyetu vya afya.

Tuangalie pande mbili za khabari hii. Kwa upande mmoja, neno moja la mtu wa kale, lililohifadhiwa sawasawa, limeokoa mamilioni ya watu. Kwa upande mwengine, haikutosha mmea kuwa na sifa. Ilibidi upimwe, kipimo kijulikane, na madhara yake yajulikane. Ndiyo maana katika somo hili hatukuandika kipimo cha dawa hata kimoja, nasi tumefanya hivyo makusudi. Kipimo kisomwacho katika gazeti na mtu asiyeujua mti ni khatari.

Na homa isingojee mzizi. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu siku hiyo hiyo. Mjamzito asinywe dawa ya porini bila ya kumwambia daktari. Na mwenye maradhi ya sukari au shindikizo la damu, anayemeza dawa za hospitali na huku akinywa magome ya mzambarau nyumbani, asifiche. Dawa mbili zaweza kusaidiana, na zaweza kumwangusha mtu.

KUCHUMA BILA YA KUUA

Wakulima wa karafuu hawahitaji kufundishwa kwamba mti una uhai. Lakini tumeona miti ya dawa iliyomenywa gome mzunguko mzima, ikasimama mikavu. Sababu ni hii: maji hupanda kwa ndani ya shina, lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa upande wa ndani wa gome. Ukilimenya gome kwa kuzunguka, mizizi hufa njaa, na mti hufa juu yake.

Basi atakayehitaji gome achukue kipande chembamba cha wima, upande mmoja tu, asirudi kwenye mti huo mpaka jeraha lipone. Atakayehitaji mzizi achukue wa pembeni, auache mzizi mkuu, kisha afukie. Ikiwa jani lafaa kama mzizi, achukue jani. Na kila anayeng'oa apande. Huko bara, katika milima ya Kenya, Tanzania na Cameroon, uko mti uitwao kitaalamu Prunus africana. Gome lake lilitakiwa sana Ulaya kwa dawa ya tezi ya wanaume wazee, na miti mingi ikamenywa mpaka kufa, hata kuanzia mwaka 1995 biashara yake baina ya nchi na nchi ikawekwa chini ya mkataba wa CITES. Miti ya kwetu haijafika sokoni Ulaya, lakini kisiwa ni kidogo, na kinachoisha kisiwani hakina jirani wa kukirudisha.

HAKI YA MWENYE KUJUA

Wazee wengi hunyamaza. Wengine husema kwamba wakisema, dawa hupoteza nguvu. Sisi twadhani yako mambo mengine nyuma ya maneno hayo, na mojawapo ni khofu ya kuporwa. Khofu hiyo si ya bure. Kisiwa cha Madagascar kinauza karafuu kama sisi, na huko ndiko kwenye asili ya ua dogo la rangi ya waridi ambalo wengi wetu tunalipanda uani kwa uzuri wake, liitwalo kitaalamu Catharanthus roseus. Tangu miaka ya 1960 dawa zilizotolewa katika mmea huo zimetumika kutibu saratani ya damu, na zimeokoa watoto wengi. Lakini faida kubwa ya biashara ile haikurudi Madagascar. Mwaka 2010 mataifa yalipatana katika mkataba wa Nagoya kwamba wenye mimea na wenye elimu yake waombwe ruhusa na wagawiwe faida. Mkataba ni wa mataifa, ila adabu yake yaweza kuanzia katika tawi.

Kwa hivyo: mzee aombwe, asiamrishwe. Siku yake ya kazi ilipwe, kwani ametuachia shughuli zake. Aulizwe lipi liandikwe na lipi lisiandikwe. Daftari likae mikononi mwa tawi, wala lisipewe mgeni kwa nakala bila ya idhini yake au ya watoto wake. Akikubali kuonyesha mti lakini akakataa kueleza dawa, tushukuru, maana kuujua mti ndiyo nusu ya kwanza, na mti unaojulikana haufyekwi ovyo.

MASWALI YA KUJIPIMA NA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Ni jambo gani linaloonyesha kwamba mkarafuu, mzambarau na mpera ni jamaa?

2. Katika mtipitipi, ni sehemu gani ya kuogopwa, na ni nani hasa wa kuonywa katika nyumba yako?

3. Kwa nini gome lisimenywe kwa kuzunguka?

4. Bibi Tu Youyou alikuta nini katika kitabu cha kale, na khabari hiyo yatufundisha nini juu ya maneno ya wazee wetu?

5. Katika kijiji chenu, "mbono" ni mti gani? Waulizeni watu watatu wa rika mbali mbali, kisha linganisheni majibu.

6. Taja miti mitano ya dawa iliyo mpakani mwa shamba lako. Kisha nenda na jirani ukamwonyeshe mmoja mmoja kwa mkono.

Kila tawi litakalokuwa tayari kutembea limpe katibu wake jina la mjuzi aliyekubali, njia itakayopitwa, na siku. Twapendekeza njia ya kwanza iwe fupi, ya mpaka wa shamba moja tu, na miti ya kujifunza isizidi kumi. Miti kumi ikijulikana na watu kumi yatosha kwa mwanzo.